Safari ya Kuvua Trauti Katika Ziwa la Mlimani

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa Kipkelion mbele ya vijana wanaojitayarisha kwenda Mlima Kenya, pamoja na wazazi na walimu wao.)



Nimeombwa niseme juu ya safari ambayo wengine kati yenu wameiita ya anasa, na wengine wameiita ya hatari. Vijana wanane wa hapa wanakusudia kwenda, katika likizo ya mwezi wa Agosti, mpaka Ziwa Ellis lililo upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Watakwenda kwa miguu, watalala katika mahema, na watavua samaki aitwaye trauti. Nilipokuwa nikiingia, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Je, samaki wamekwisha Kisumu?" Swali hilo ni zuri, na ningependa kulijibu kwanza, maana asiyejua kwa nini anakwenda hatajua pia wakati wa kurudi.

Samaki wa Kisumu hawajaisha, ijapokuwa wamepungua. Lakini sato na sangara ni samaki wa maji ya uvuguvugu. Trauti ni wa namna nyingine kabisa. Yeye hutaka maji baridi, safi, yenye hewa nyingi ndani yake, kama yale yanayoruka juu ya mawe. Maji yakipita joto la digrii 20 huanza kutaabika, na yakifika digrii 25 ni shida apone. Wala si mwenyeji wa nchi yetu. Mayai yake yaliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, na aliyeyaagiza ni Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi ya kusini ya Afrika hadi Kairo. Samaki hao waliwekwa katika Mto Gura, katika milima ya Nyandarua. Hao walikuwa trauti wa rangi ya kahawia. Aina ya pili, yenye mstari wa rangi za upinde wa mvua ubavuni, ililetwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910, nayo ndiyo iliyoenea zaidi katika mito na maziwa ya juu.

Fikirini kazi ya kuyachukua mayai laini kama yale baharini, kisha kwa gari la moshi, kisha kwa vichwa vya wapagazi, nayo yasipate joto hata siku moja. Katika siku za utawala wa kikoloni mchezo wa kuvua trauti ulikuwa hasa wa walowezi na maofisa, na Waafrika waliouona waliuona wakiwa wamebeba mizigo ya wavuvi. Siku hizi kila raia mwenye hati ya kuvua aweza kwenda. Mimi naona hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kwa kijana wa Kipkelion kutaka kuyaona maji hayo kwa macho yake.

Labda mtu atasema: mbona Kericho pia kulikuwa na trauti? Ni kweli. Wageni wa Tea Hotel walikuwa wakishuka kuvua katika Mto Kiptariet, na mito mingine itokayo katika Msitu wa Mau ilijulikana kwa samaki huyo. Lakini mto hupata ubaridi wake kwa miti. Mti huzuia jua, mizizi hushika udongo, na majani yaliyooza huyanywa maji ya mvua kama sifongo na kuyatoa polepole. Mwaka 2001 Serikali ya wakati ule iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika eneo la misitu ya Mau ili watu wagawiwe, na mahali pengine miti ilikatwa bila idhini yoyote. Mto uliokosa kivuli hupata joto wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua hujaa tope, na tope huyafunika mayai ya samaki yaliyolala kati ya changarawe. Basi trauti husogea juu, na juu zaidi, mpaka mahali penye baridi. Ndiyo maana vijana hawa wanataka kuona maji jinsi yalivyo kabla ya kuguswa. Wakirudi watautazama mto wetu kwa jicho jingine. Mzee wangu, nadhani nimekujibu.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe.

Jambo la kwanza ni majira, na hapa mtu wa Kipkelion hudanganywa na mawingu ya kwao. Kwetu mwezi wa Agosti ni wa mvua za alasiri na mvua ya mawe inayopasua majani ya chai, na mtu akitazama nje atasema huu si wakati wa kwenda mlimani. Lakini Mlima Kenya hufuata kalenda nyingine. Mvua zake kubwa huanguka kuanzia Machi hadi Mei, tena kuanzia Oktoba hadi Desemba, na upande wa mashariki, ambako ndiko mnakokwenda, ndio wenye mvua nyingi zaidi. Miezi mizuri ni Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba. Likizo za shule ni Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hesabu ni nyepesi: Aprili ni tope, Desemba ni bahati nasibu, Agosti ndiyo iliyobaki. Asiwepo wa kuwashawishi kwenda wakati wa Pasaka kwa sababu ana gari la bure.

Jambo la pili ni kimo, na juu ya hili nitakaa zaidi, maana ndilo linaloua.

Sisi tumezaliwa milimani. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na vijana wetu hukimbia kupanda vilima vya Londiani bila kuhema. Kwa hiyo hufikiri kwamba mlima ni mlima tu. Hapana. Hapa kwetu hewa ni kama sehemu nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Pale Ziwa Ellis, kati ya mita 3,400 na 3,500, hewa ni kama thuluthi mbili tu. Mtu akifika huko kwa haraka mwili hauna nafasi ya kujirekebisha. Kichwa humuuma, chakula humchukiza, usingizi humkataa. Hayo ni maumivu madogo, na mtu akipumzika palepale siku moja au mbili kwa kawaida huondoka. Lakini yakizidi, maji huweza kuingia mapafuni, na mtu akakohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, au ubongo ukavimba, naye akapepesuka kama mlevi na kusema maneno yasiyo na maana. Mtu wa hali hiyo hana muda mrefu wa kuishi asiposhushwa.

Wala msidhani kwamba mwenye nguvu amesalimika. Kinyume chake, mara nyingi kijana hodari ndiye anayeanguka kwanza, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu upesi kuliko damu yake inavyoweza kuzoea. Mkimbiaji wa mbio ndefu na karani wa ofisini huweza kuugua sawasawa. Tena kijana hodari huona aibu kusema kichwa kinamuuma. Nawasihi ninyi wanane, wekeni sharti kati yenu kabla ya kuondoka: kila asubuhi na kila jioni kila mmoja aulizwe hali yake mbele ya wenzake, naye ajibu kweli. Akishukiwa, na apige mstari chini kwa kijiti, atembee juu yake kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine. Asiyeweza hashauriwi wala habembelezwi. Hushushwa mara moja, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa samaki wanaruka, na wawili wa kumtunza washuke naye. Hakuna dawa inayopita kushuka.

Kwa sababu hiyo mpango wa siku umepangwa polepole kuliko wengine walivyopenda. Siku ya kwanza ni ya gari tu: mtapita Londiani mpaka Nakuru, kisha Nyahururu, kisha Nyeri na Nanyuki, mzunguke mlima upande wa kaskazini kupitia Timau na Meru hadi Chogoria, ambako mtalala. Ni siku ndefu, na atakayelalamika juu ya magoti yake akumbuke kwamba hiyo ndiyo siku rahisi. Siku ya pili mtapanda kupitia msituni. Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi ni karibu kilomita 30 za njia ya udongo, kwanza kati ya miti mikubwa, kisha katika mianzi, na mvua ikinyesha hata gari lenye nguvu katika magurudumu yote hukwama. Mtakodi gari la wenyeji mpaka litakapoweza kufika, na sehemu iliyobaki mtatembea pamoja na mwongozaji, kwa kuwa mianzi hiyo ina nyati na tembo. Karibu na lango ni kama mita 3,000. Mtalala hapo usiku wa kwanza, na usiku wa pili pia.

Najua siku hii ya tatu imeleta manung'uniko. Mmoja aliniambia, "Tutakaa bure siku nzima na ziwa liko mbele yetu?" Hamtakaa bure. Asubuhi mtapanda kwa saa mbili au tatu bila mizigo, mtazame nchi, kisha mtashuka kulala palepale. Kupanda mchana na kushuka kulala ndiyo njia ya kuufundisha mwili. Watu wenye ujuzi wa milima hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 kwa kila usiku wa kulala, na kutoka langoni hadi Ziwa Ellis ni ndani ya kipimo hicho. Siku ya nne mtakwenda ziwani, mwendo wa nusu siku kwa mzigo. Siku ya tano ni ya kuvua. Siku ya sita mtashuka.

Kwa kila siku ya mlimani anzeni kutembea alfajiri, saa kumi na mbili. Mbingu ya mlima huwa wazi asubuhi, na kwa kawaida kuanzia saa nne au saa tano mawingu hupanda kutoka msituni na kufunika kila kitu. Ukungu ukishuka katika mbuga ile ya majani marefu na vichaka, mtu hawezi kuona mwenzake aliye hatua thelathini mbele. Chukueni ramani na dira, na wawili kati yenu wajifunze kuzitumia hapa nyumbani, katika vilima vya Londiani, wikendi mbili kabla ya safari. Simu msiitegemee. Mahali pengine hupata mawasiliano na mahali pengine haipati, na betri hufa upesi kwa baridi isipowekwa ndani ya nguo karibu na mwili.

Ningependa hapa kuwaeleza habari ya watu watatu waliopanda mlima huo bila ramani yoyote, kwa kuwa inafundisha zaidi kuliko maonyo yangu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wataliani waliotekwa walifungwa katika kambi ya Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama mlima kila siku kupitia waya wa seng'enge, mpaka akaazimia kuupanda. Kwa miezi mingi yeye na wenzake Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti waliweka akiba ya chakula chao kidogo, wakatengeneza mashoka ya barafu kutoka nyundo, na vyuma vya kuvaa chini ya viatu kutoka vipande vya chuma chakavu. Picha ya kuwaonyesha njia waliipata kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mkebe wa nyama. Wakatoroka Januari 1943. Barsotti aliugua, nao wakamwacha kambini mwao chini ya kilele, wakaenda wawili. Kilele kikuu kiliwashinda, wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera, kisha wakarudi wenyewe kambini kujisalimisha, njaa imewamaliza.

Watu husimulia habari hiyo kama kisa cha ushujaa, nacho ni cha ushujaa. Mimi napenda zaidi kuutazama upande wa ghala. Watu hawa walihesabu kila kipande cha mkate kwa miezi mingi, na bado chakula hakikutosha. Na mwenzao alipougua hawakumburuta juu ili wote watatu wapate sifa. Ninyi mna duka na mna mizani. Mkifika siku ya tano hamna unga, haitakuwa kosa la mlima.

Basi tuseme juu ya chakula. Nimeonyeshwa orodha yenu, na jambo la kwanza nililoliona ni kilo sita za maharagwe. Yatoeni. Maji hapa kwetu huchemka kabla hayajafika digrii 100, na kule ziwani huchemka yakiwa karibu digrii 88 tu, hata moto uwe mkali namna gani. Maharagwe makavu yataruka ndani ya sufuria tangu mchana hadi usiku na bado yatakuwa kama changarawe, na mafuta ya jiko yatakwisha. Chukueni vitu viivavyo upesi: unga wa mahindi, wali, tambi, dengu ndogo zilizokobolewa, samaki wa mkebe, karanga, sukari, maziwa ya unga, na majani ya chai, ambayo wilaya hii haina haja ya kukumbushwa. Hesabuni unga na wali nusu kilo kwa mtu kwa siku. Watu wanane kwa siku nne za mlimani ni kilo 16, kisha ongezeni akiba ya siku moja, yaani kilo nne nyingine, zifungwe peke yake na zisiguswe ila kwa dharura. Maji ya kunywa yachemsheni dakika tatu nzima, hata yakionekana meupe kama kioo.

Tena angalieni: katika orodha ile mmeandika "samaki" kwa chakula cha jioni cha siku ya nne na ya tano. Futeni. Samaki aliye ziwani si chakula bado. Akipatikana ni kitoweo juu ya chakula, asipopatikana hakuna atakayelala njaa. Mursik nayo iacheni nyumbani. Mama zenu watawapokea nayo mkirudi, kama wanavyopokewa wakimbiaji wetu uwanja wa ndege, na itakuwa na ladha zaidi.

Kuhusu nguo, wachumaji wa chai walio hapa wangeweza kutoa sehemu hii ya hotuba badala yangu. Wao wanajua kwamba baridi ya asubuhi haiumizi kama umande uliopenya. Usiku pale ziwani maji huweza kuganda katika sufuria. Nguo ya pamba ikilowa hukaa imelowa na kunyonya joto la mwili, bali sufu hutia joto hata ikiwa na unyevu. Kila mtu awe na fulana mbili za sufu, kofia ya kufunika masikio, koti lisilopitisha maji, na seti moja ya nguo kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambayo haivaliwi ila kulalia. Mtu akianza kutetemeka asiache, akajikwaa maneno, akasema hasikii baridi tena, huyo yuko hatarini. Mvueni nguo zilizolowa, mtieni ndani ya blanketi kavu pamoja na mwenzake, mpeni chai tamu ikiwa aweza kumeza. Mzigo wa mtu usizidi robo ya uzito wake. Kijana wa kilo 60 abebe kilo 15, na kinachozidi kodini wapagazi wa Chogoria, ambao ni kazi yao, nanyi wapeni ujira wao kamili bila kuwarudisha bei mpaka waone haya.

Sasa nimefika kwenye uvuvi wenyewe, na naona macho ya vijana yamefunguka.

Trauti havuliwi kwa mtego, wala kwa wavu, wala kwa funza kwenye ndoana. Huvuliwa kwa nzi wa bandia: ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Nzi huyo hana uzito, kwa hiyo hawezi kurushwa kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito, kwa kupeleka ufito nyuma, kungoja mshipi unyooke hewani nyuma yako, kisha kuupeleka mbele. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wengi. Anayeanza hupiga ufito kama anachapa ng'ombe, na mshipi humwangukia shingoni. Jizoezeni uwanjani, bila ndoana, saa moja kila jioni kwa wiki tatu, mkilenga sufuria iliyowekwa mbali hatua kumi na tano. Ng'ombe watawashangaa. Waacheni washangae.

Ziwa lina adabu yake. Maji yake ni matulivu na maangavu, na samaki humwona mtu kabla mtu hajamwona yeye. Msimkaribie mkiwa mmesimama wima na jua mgongoni, maana kivuli chenu kitatangulia. Inameni, tembeeni polepole, kwa sababu kishindo cha mguu hupita ardhini mpaka majini. Saa njema ni asubuhi mapema na jioni, wakati wadudu wanapotua juu ya maji na duara ndogo zinaonekana. Mahali penye duara ndipo penye mdomo. Akishika, msimvute kwa nguvu. Mwacheni akimbie, achoke, kisha mleteni karibu.

Kuna jambo ambalo wageni wengi wa mlimani hawalijui. Trauti wa upinde wa mvua hutaga mayai katika changarawe yenye maji yanayotembea. Ziwa lisilo na kijito kinachofaa haliwezi kujijaza lenyewe, bali samaki wake walipandikizwa humo na watu wakiwa vifaranga. Kwa kazi hiyo kuna kituo cha Serikali cha kulelea trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, kilichoanzishwa mwaka 1948. Kwa hiyo kila trauti mnayemtoa ziwani mwenye kumrudisha ni mtu, kwa gharama na jasho. Mtu na avue wa kula jioni ile, basi. Mdogo arudishwe, na kabla ya kumshika loweni mikono yenu, maana mkono mkavu humtoa ule ute unaomlinda na maradhi. Atakayeliwa auawe mara moja kwa pigo la kichwani, asiachwe akitapatapa juu ya majani.

Hati za kuvua na ruhusa ya kuingia hifadhini ni vitu viwili mbalimbali. Uvuvi uko chini ya idara ya Serikali ya uvuvi, na hifadhi ya Mlima Kenya, iliyowekwa mwaka 1949, husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ada na kipimo cha samaki hubadilika, basi Mwalimu wenu aandike barua mwezi wa Juni kuuliza, na majibu yachukuliwe safarini yakiwa yameandikwa. Na juu ya moto: msiwashe moto wa kuni kabisa. Pikeni kwa jiko la gesi au la mafuta ya taa. Vichaka vya mlimani vina mafuta ndani ya majani, na wakati wa ukame hushika kama petroli. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mbuga na msitu wa mlima huo, na askari, wananchi na wanahewa walihangaika siku nyingi kuuzima. Takataka zote, hata ganda la chungwa, zirudi nanyi.

Wazazi wameuliza ni nani atakayeamua mambo huko juu. Mwalimu atakayewaongoza ndiye mwenye neno la mwisho, na mwongozaji wa Chogoria akisema "turudi" Mwalimu naye atatii, kwa kuwa yule amezaliwa chini ya mlima ule. Saa ya kugeuka imekwisha kuwekwa: saa nane mchana. Siku ya nne, ikiwa saa nane imefika na ziwa halijaonekana, mtarudi mlikotoka, hata kama mtu ataapa kwamba liko nyuma ya kilima kinachofuata. Kilima kinachofuata huwa na kilima kingine nyuma yake.

Karatasi tatu zitaandikwa, zote sawasawa, zenye majina yenu, njia, mahali pa kulala kila usiku, na saa ya kutegemewa kurudi. Moja itabaki kwa mkuu wa shule, moja kwa askari wa hifadhi langoni, na moja kwa mzazi aliyechaguliwa. Ikifika saa kumi na mbili jioni ya siku ya sita bila habari yenu, mzazi huyo atapiga simu langoni. Hatangoja mpaka asubuhi kwa kuogopa kuonekana mwoga. Mama aliyekubali kazi hiyo yumo humu, nami nimemwona akiandika saa yenyewe katika kitabu chake.

Jumamosi ya tarehe tuliyoagana, saa tatu asubuhi, kila msafiri alete mzigo wake wote hapa uwanjani, pamoja na viatu atakavyovaa, ambavyo viwe vimekwisha kutembelewa angalau wiki mbili. Mizani ya kituo cha kukusanyia majani ya chai tumeahidiwa. Tutapima kila shanta, na kitakachozidi kitarudi nyumbani na mwenye nacho.